Ya Chumbani Yamefika Maktaba

Tandika, Temeke
26 Oktoba 2024

Mwanangu Munira,

Assalaam alaykum warahmatullah. U hali gani mwanangu, na kifua chako kinaendeleaje? Juzi Alhamisi nilikusikia unakohoa huku umeshika kipaza sauti, nikatamani nipande pale mbele nikupe tangawizi. Huku sie wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto ni lile lile.

Usishangae kuona karatasi. Kuandika kwenye simu kunanishinda, na kusema kwenye simu siwezi, maana uani wapangaji wamejaa na hili si neno la uani. Barua anakuletea Mfaume, yule anayepeleka nazi soko la Kawe na kigari chake cha kirikuu. Ukijibu, mpe yeye.

Kwanza nakushukuru kwa heshima uliyonipa. Toka nizaliwe sijawahi kukaa meza kuu. Nilipofika pale nje ya maktaba yenu ya chuo nikaona maturubai, vijana wamevaa fulana za sare zimeandikwa Wiki ya Maarifa Huria, nikajisemea leo hapa kuna harusi. Kumbe mwali mwenyewe ni mie! Lile bango lenye picha yangu na ngoma mapajani ni kubwa kuliko mlango wangu wa mbele. Watu walipopiga makofi nami nikapiga, nikiogopa nisipopiga nitaonekana najivuna. Mkuu wako wa kitengo, Bi Marietha, akanishika mkono akasema, "Mama, kuanzia leo wewe ni wa dunia nzima." Nikamwambia, "Mie wa Tandika tu, binti yangu."

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Yule kijana aliposimama akauliza kama asiyekuwa mwanafunzi anaweza kuzisoma hizo kazi za utafiti mlizoziweka mtandaoni, na yako imo, Bi Marietha akajibu mtu yeyote, popote alipo, bure, hata aliyeko nje ya gereza la Segerea anasubiri zamu ya kumwona ndugu yake, atoe simu asome. Watu wakacheka. Mie nikatazama lile bango na jina langu chini yake, Chausiku binti Omari, kungwi wa Tandika, na kicheko hakikunijia.

Ulipokuja mwaka jana na simu yako ya kurekodi, nilikuimbia zile nyimbo ambazo hata kwenye ngoma ya mtaani zinaimbwa. Nikakuonyesha ngozi inavyowambwa. Hayo hayana neno. Lakini Munira, ya chumbani hujayaweka humo? Yale ninayomfunda mwali mlango ukiwa umefungwa, ambayo hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa bila kuyasikia? Niambie tu hapana, nilale.

Nijibu mapema mwanangu.

Shangazi yako na somo wako,
Chausiku


Kawe
31 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Kifua kimepona, tangawizi yako Mfaume kaifikisha pamoja na barua. Nazi ulizoniwekea pia nimezipata, ahsante.

Shangazi, ondoa wasiwasi. Tasnifu yangu imewekwa kwenye hazina ya maktaba mtandaoni, kama kabati tu, ila kabati lisilo na kufuli. Zamani kazi kama yangu ingekaa kwenye rafu ghorofa ya pili ikaliwa na mende, wewe uliyenipa maarifa hungeiona hata jalada. Sasa tunasema hapana: elimu iliyotoka kwa watu irudi kwa watu. Ndiyo maana ya ile wiki.

Na jina lako nimeliweka kwa makusudi. Wenzangu huandika "bibi mmoja wa Temeke, miaka hamsini na kitu", kama vile mtu hana jina wala ukoo. Mimi nikasema aliyenilea tangu mama afariki, aliyeuza vitumbua ili nisome, hawezi kuwa "bibi mmoja". Nilipoona wanakupigia makofi nililia, hukuniona tu.

Ya ndani kabisa niliyaacha. Na hata hivyo wanaosoma vitu hivi ni wasomi wawili watatu wanaotafuta shahada kama mimi. Hakuna mtu Tandika atakayekaa kusoma kurasa mia mbili.

Lala shangazi yangu. Nisalimie Raudha, nasikia harusi imekaribia.

Mwanao,
Munira


Tandika
24 Novemba 2024

Munira,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima. Mie mwili upo.

Jana tulianza kumfunda Raudha. Mama yake, Nusaiba, unamjua, jirani yangu ukuta kwa ukuta, tumeazimana chumvi tangu nyie mkiwa watoto. Walikuwepo na makungwi wenzangu wawili wa Mtoni. Mlango tukaufunga, udi tukafukiza, mwali akaketi kwenye mkeka, nikaanza na mizungu, yale mafumbo ya chumbani. Unajua tunavyoanza. Namtupia la kwanza, ambalo hakuna binti analijua, na kule kutojua ndiko kunakomfungua. Anababaika, machozi yanamlenga, wanawake wanamtania, halafu mie namshika mkono namfungulia maana yake. Mama yangu alinifungulia hivyo. Nawe, mie somo wako nilikufungulia hivyo, ulipovunja ungo, ukanilalia begani hadi kanga ikalowa.

Raudha akajibu.

Nikasema kabahatisha. Nikatupa la pili. Akajibu, tena huku anatazama kucha zake. La tatu sikulimaliza. Akalimalizia yeye, akaongeza: "Kwa mujibu wa mtafiti, maana yake ni..." Munira! Kwa mujibu wa!

Nikamwuliza, "Nani kakufunda, mwanangu?"

Akasema, tena kwa adabu, hakuwa na ubaya, "Si wewe mwenyewe, bibi kungwi? Umo kwenye simu. Mashaka ndiye alinitumia. Kasoma yote."

Mashaka ni mchumba wake.

Nusaiba akasimama. Mwanamke tuliyezikiana, Munira. Akasema, "Chausiku, nimekuletea binti yangu umfunde, kumbe umeshamfunda bwana harusi!" Kungwi mmoja akacheka kile kicheko kibaya. Mwenzake akaniondolea ngoma mapajani, taratibu, kama mtu anavyompokonya mgonjwa mtoto mchanga. Hawakunitukana. Walivaa baibui zao wakatoka, na kuaga waliaga.

Leo asubuhi nimekwenda dukani, vijana wa kinyozi wakaanza kuimba. Ule wimbo wa chumbani. Vidume vyenye ndevu. Nikarudi bila sabuni.

Umeniambia ya ndani umeyaacha. Basi yametokea wapi? Sitaki kukudhania vibaya kabla hujasema. Nakuomba mawili. La kwanza, waambie hao wenzako walifunge hilo kabati. La pili ndilo kubwa. Jumamosi ya tarehe saba mwezi ujao nitawaita wanawake nyumbani. Uje. Usimame mbele yao useme kwa kinywa chako kwamba Chausiku hakuyatoa nje. Wakisikia kwako wataniamini, maana wewe ni mwali wangu. Wasiposikia, mie sina kazi tena mtaa huu, wala sina uso.

Jibu haraka.

Shangazi yako na somo wako,
Chausiku


Kawe
29 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini, chooni, ili wenzangu wasinione.

Pole sana. Nimekwenda kwa Bi Marietha siku hiyo hiyo. Anasema kazi ikishatolewa huria hairudishwi. Hata tukiiondoa kwenye hazina yetu, imeshachukuliwa na maktaba nyingine huko nje, na watu wamepakua nakala. Anasema hata hivyo tukianza kuondoa kila mtu akilalamika, hakutakuwa na maarifa huria tena. Mimi ni mfanyakazi wa mkataba pale, shangazi, unanielewa.

Raudha sijui kapata wapi zaidi ya nyimbo. Labda wasichana wameambiana wenyewe kwa wenyewe. Siku hizi hakuna kinachokaa ndani.

Halafu naomba nikuambie kitu, usikasirike. Mabinti wangapi umewafunda mwaka huu? Zamani ulikuwa hupumziki wiki. Sasa wanaolewa ukumbini, MC ndiye kungwi wao. Wewe ukiondoka, Mungu akupe umri mrefu, nani atajua ulichokuwa unakijua? Mimi niliogopa hilo. Niliandika ili kisife. Hata wakikucheka leo, miaka hamsini ijayo kuna binti atashukuru.

Bi Marietha ameguswa na habari yako. Anaomba kwenye maonyesho ya Mei uje na ngoma yenyewe, wewe na wenzako, mpige mbele ya wageni. Watatuma gari. Nikamwambia nitakuuliza.

Jumamosi nitakuja, inshallah.

Mwanao,
Munira


Tandika
12 Januari 2025

Munira,

Assalaam alaykum.

Jumamosi ile nilitandika mikeka tangu alasiri. Nilipika kaimati na chai ya iliki. Wanawake walikuja, hata Nusaiba alikuja, akakaa karibu na mlango. Kila kirikuu kilichopita nilisema, "Huyo." Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Nusaiba akasema, "Chausiku, mwanao hana la kusema." Magharibi ikaadhiniwa, wakaenda kusali makwao. Kaimati niliwagawia watoto wa wapangaji.

Hilo "mwanao" nimeliandika kwa sababu ndivyo alivyosema yeye. Mie siku hiyo nilikosa hata neno la kukuita.

Jumanne iliyofuata nilikuja chuoni mwenyewe. Hilo hulijui. Nilipanga kumwona Bi Marietha, nimwombe kwa magoti haya mabovu. Getini mlinzi akaniuliza, "Mama, kitambulisho cha mwanachuo?" Nikasema sina, naenda maktaba. "Mgeni wa nani?" Nikaona nikikutaja nitakuharibia kazi. Nikamwambia, "Jina langu limo humo ndani." Akacheka, kijana wa watu, hakuwa na ubaya naye, akasema, "Majina ya watu wengi yamo humo ndani, mama." Nikakaa kivulini nje ya ukuta kidogo, nikarudi. Dunia nzima inaingia bila kubisha hodi, mie nimezuiwa getini.

Raudha aliolewa mwishoni mwa Desemba. Waliita kungwi kutoka Kipawa. Ukuta ni mmoja, Munira. Ngoma yote niliisikia nikiwa kitandani kwangu, na alipokosea mwendo vidole vyangu vikasahihisha kwenye godoro. Nilikuwaga naalikwa hata kwa watu nisiowajua. Nusaiba alinitumia sahani ya pilau imefunikwa vizuri. Niliila, maana kumrudishia ingekuwa ugomvi.

Sasa hili la mwisho. Kuna mpangaji wangu mpya, Monica, mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa, Mkristo, mtu mpole. Nilimwomba anisomee kitabu chako kwenye simu yake, chote, jioni jioni akimaliza kusahihisha madaftari. Nilimchagua kwa kuwa si wa ngoma zetu, hatakuwa na la kutafsiri. Alianza vizuri. Shukrani kwa shangazi yangu, nyimbo, ngozi inavyowambwa. Tukafika sura ya nne akaweka simu chini. Akasema, "Mama Chausiku, hapa niruke." Nikamwambia, "Usiruke, mwanangu. Mimi ndiye ninayesomwa."

Yamo yote. Si yale uliyonirekodi. Haya nilikupa ulipokuwa mwali wangu, ukiwa na miaka kumi na mitatu, huna simu, huna kalamu, umefunikwa kanga. Fumbo kwa fumbo. Hata lile nililokuambia la ndoa yangu, kwa nini sikuzaa, ambalo nilikupa ujue kwamba mwanamke anaweza kuvumilia na asife. Nalo umelipa namba.

Monica alilia. Mie nilimwuliza kitu kimoja: "Huyo aliyeyasikia haya, ameandikwa nani?" Akatafuta, akasema, "Ameandikwa 'mtafiti', mama."

Mie nina jina, na ukoo, na mtaa, na picha kubwa kuliko mlango. Wewe huna jina. Wewe ni mtafiti. Heshima ile uliyosema unanipa, mbona wewe hukuitaka?

Hiyo ngoma ya Mei, mwambie Bi Marietha siiwezi. Goti.

Ukitaka kujibu, jibu.

Shangazi yako na somo wako,
Chausiku


Kawe
3 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Ni kweli. Tasnifu ilirudishwa mara mbili. Msimamizi alisema nyimbo peke yake kila mtu anazo, hakuna jipya, nitafute "sauti ya ndani". Muda ulikuwa unaisha. Nikakaa usiku mmoja nikaandika nilichokuwa nakijua. Jina langu sikuliweka kwa sababu niliona haya. Lako niliona fahari. Sasa nikiyasoma hayo mawili pamoja najua yanavyosikika.

Jumamosi ile nilikuja. Nilifika hadi kona ya kwa fundi cherehani. Nikaona viatu vya wanawake mlangoni kwako, vingi, vimepangwa. Nikageuza.

Kitabu siwezi kukitoa, shangazi. Sasa hivi hakuna mtu anayeweza. Ningeweza kuwa na ujasiri nisikiandike, huo ndio ulikuwa wakati wake.

Sijui kama nina haki ya kukuambia hili. Nimeposwa. Ni kijana wa Kipawa, fundi wa viyoyozi, anaswali, anamheshimu mama yake. Baba mdogo ameshapokea barua ya posa. Ndoa ni baada ya Idi, inshallah. Wananiuliza nani atanifunda, na mimi sina mwingine. Sitaki mwingine. Pande langu la ile kanga tuliyogawana nilipokuwa mwali bado ninalo, nalilalia.

Nisamehe. Nakusubiri.

Munira


Tandika
16 Februari 2025

Munira,

Assalaam alaykum. Natumaini Mfaume atakukuta salama na kifua hakijarudi, maana kuna vumbi sana siku hizi. Huku sie tunahesabu mwezi, Ramadhani ndiyo hiyo mlangoni.

Habari ya posa imenifurahisha, nisikufiche. Nimeswali rakaa mbili za shukrani. Nimekuombea kheri na mumeo na mtakaojaaliwa. Mungu ndiye msamehevu, na mie mja wake najitahidi. Siku nyingine naamka nimekusamehe, mpaka nipite kwa kinyozi.

Lakini kukufunda siwezi. Usidhani nakukomoa. Ile kazi inataka mwali asiyejua, na mlango uliofungwa, na mtu ambaye akipewa atakaa nacho. Nikikaa na wewe kwenye mkeka nitakuuliza nini? Kila fumbo umeshaliandikia maana, tena kwa lugha nzuri kuliko yangu. Na wanawake wa kunipigia vigelegele siwapati. Wa Mtoni hawaji kwangu. Nusaiba tunasalimiana. Mwambie baba yako mdogo atafute kungwi wa Mbagala, wapo hodari bado. Ila usimwambie unafanya kazi wapi.

Na kama hukupata, basi nenda maktaba. Somo wako yumo humo, saa zote, bure, mtu yeyote aingie. Mie niliyebaki huku ni shangazi tu.

Mfaume anakuletea furushi. Ni pande langu la ile kanga, jekundu na jeupe, tuliyoikata mbili siku ile, nusu yako nusu yangu. Nimelifua na kulifukiza udi. Limechakaa kidogo pindoni kwa kuwa nilikuwa najifunga kila nilipokwenda kumfunda binti wa mtu. Lishone na lako. Sasa yote ni yako, doti nzima.

Siku ya ndoa nitakuja, mtoto wa kaka yangu haolewi nisiwepo. Naomba unijibu upesi, kabla ya kufunga, unieleze jambo moja nijipange: nikae mbele na wageni, au niingie jikoni.

Wasalaam.

Shangazi yako,
Chausiku